Kovu Likishafunga: Kumuuguza Mwenzi Aliyeumia Ubongo Ndhiwa



Anayeumia kichwa vibaya huku kwetu Ndhiwa hukimbizwa Homa Bay, Kisii au Kisumu. Huko kuna madaktari, skani na wauguzi wa zamu. Siku ya kuruhusiwa, kazi yao yote huachiwa mtu mmoja, mara nyingi mke, pamoja na karatasi inayosema mgonjwa ana alama 15 kati ya 15 kwenye kipimo cha fahamu. Mada yangu inamhusu mtu huyo.

Nianze na alama zenyewe, maana zimezua ugomvi mwingi. Kipimo hicho kilibuniwa Glasgow, Scotland, mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kinaangalia kufumbua macho, kuzungumza na kusogeza viungo, basi. Hakiulizi kama mtu atakumbuka alichotumwa dukani, wala kama atafoka mtoto akiangusha sufuria. Jamaa wakiona 15 na kovu limefunga, wanadhani amepona. Akianza ukali, wanasema ni pombe, au kuna mkono wa mtu. Mke anaambiwa avumilie.

Ushauri huo siuafiki. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo humsaidia mtu kujizuia na kupima mambo. Ikiumia, hasira humtoka kabla hajaiwaza. Mke ajue hivyo, asidhani amechukiwa. Lakini kujua chanzo cha hasira si ruhusa ya kupigwa. Apange mapema, na wakwe wakijua, nyumba atakayokimbilia na watoto usiku mambo yakiharibika.

Kisha kuna simu. Mwanamume aliyekuwa akihesabu kila shilingi anaweza kuchukua mkopo wa simu wa Fuliza jioni moja, akamtumia rafiki aliyemlilia shida, na kesho yake akakana. Mkizozana wakati huo mtapoteza bure. Subirini asubuhi akiwa ametulia, mwiteni ndugu anayemwamini, mkubaliane malipo ya miwa yataingia wapi na nani atatoa. Abaki na pesa kidogo za kila siku mkononi mwake. Kumnyang'anya zote ni kumfanya mtoto, na hakuna mtu mzima anayelikubali hilo.

Kazi ngumu ifanywe asubuhi, kwa sababu ubongo ulioumia huchoka upesi. Mwambieni jambo moja kwa wakati mmoja, redio ikiwa imezimwa. Saa za dawa ziandikwe kwenye karatasi, ibandikwe mlangoni. Kifafa huweza kuanza miezi au hata miaka baada ya ajali: kikimshika, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, na kikipita dakika 5, hospitali. Dawa za kifafa hazikatizwi ghafla, hata kama mchungaji ameombea.

Aliyeumia akiwa mke, wosia wa kuvumilia hausikiki tena. Linaloanza kusemwa ni kwamba arudi kwao akauguzwe na mama yake. Nawaachia wazee walijadili hilo mchana, si kwa minong'ono.

Nafuu huja haraka zaidi miezi ya mwanzo, halafu hupunguza mwendo, ila yaweza kuendelea kwa miaka. Kwa hiyo zamu za wiki mbili za majirani hazitoshi. Chama cha akina mama kinachochangishana kila mwezi kinaweza pia kuchangishana saa: mmoja akae na mgonjwa siku ya soko ili mwenzake aende kuuza, au alale tu.

Viongozi wa steji za bodaboda, ninyi mtaulizwa lini mwenzenu aliyeumia arudi barabarani. Jibu litoke kwa daktari, hata kama mkopo wa pikipiki unadai. Pigo la pili kabla la kwanza halijapoa ni hatari zaidi, na kifafa juu ya pikipiki huua abiria pia. Kwa sasa mpeni daftari la zamu au kazi ya kupokea mizigo, karibu na wenzake, na akichoka saa sita mwacheni aende nyumbani.