Pampu Isiyo ya Injini Yake

Mazungumzo yangu leo ni habari za pampu ya mafuta ya injini ya dizeli, na hasa ile pampu iliyotolewa katika injini moja ikafungwa katika injini nyingine isiyo yake. Neno hili lawahusu watu wengi, lakini zaidi sisi wa Mtumba na vijiji vya jirani, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro. Tangu Mji wa Serikali ulipofunguliwa Mtumba mwaka 2019, magari mapya yamezidi njiani. Hata hivyo zabibu, mtama, alizeti na mapipa ya maji bado huchukuliwa kwa magari makuukuu, na mara nyingi gari la namna hiyo ndilo mali yote ya mwenyewe. Likisimama, ada ya shule ya watoto nayo husimama.

Pampu mpya ni ya thamani kubwa, kwa hiyo mtu hununua iliyokwisha kutumika. Katika lugha yetu mtumba ni furushi, na vitu vilivyotumika huitwa kwa jina hilo hilo; basi watu wa Mtumba hufunga pampu za mtumba, wala hapana aibu. Hatari iko katika kuifunga bila kuijua.

Kwanza tuitazame kazi yake. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche. Injini ya dizeli haina cheche: pistoni huibana hewa mpaka iwe moto sana, kisha mafuta hupulizwa ndani yake, nayo huwaka yenyewe. Aliyeivumbua ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, na injini yake ilipimwa na kusifiwa katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Injini zile za kwanza zilipuliza mafuta kwa msaada wa hewa iliyobanwa, zikawa nzito mno kwa motakaa. Mwaka 1927 kiwanda cha Bosch cha Stuttgart kilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo yenye kuyasukuma mafuta yenyewe, na mwaka 1936 Mercedes-Benz walitoa motakaa yao ya dizeli, 260 D.

Pampu hiyo ina kazi tatu. Ya kwanza ni kupima kiasi cha mafuta. Ya pili ni kuyapeleka kwa nozeli kwa wakati wake. Ya tatu ni kuizuia injini isipite mwendo wake, na chombo cha kazi hiyo huitwa gavana. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila nozeli hupuliza mara 1,500 katika dakika hiyo, na kila mara kiasi chake hakizidi sana tone moja la maji. Vyuma vya ndani vimekaribiana hata nafasi iliyo kati yao ni nyembamba kuliko unywele. Kwa hiyo kosa dogo la pampu ni kosa kubwa la injini.

Sasa tuseme mtu ana Toyota Hilux yenye injini ya 3L, ukubwa wake lita 2.8, isiyo na turbo. Pampu yake imekufa. Anapata pampu ya injini ya 2L-T, ambayo ni ya lita 2.4 na yenye turbo. Kwa sura pampu hizi ni ndugu: matundu manne huku, matundu manne huku, naye fundi anaifunga. Injini inawaka, lakini haina nguvu, na mlima mdogo tu unaishinda. Sababu ni hii: juu ya pampu ya turbo mna kofia yenye utando wa mpira ndani yake. Turbo ikisukuma hewa nyingi, utando ule hubonyea, na pampu huongeza mafuta. Katika injini isiyo na turbo hapana upepo wa kuubonyeza. Basi pampu hungoja amri isiyokuja, ikatoa mafuta haba.

Hapo ndipo majaribu huanza. Nyuma ya pampu mna skrubu ya kuongeza mafuta. Fundi mwenye haraka huikaza, gari likapata nguvu, mwenyewe akafurahi na kulipa. Baada ya siku chache moshi mweusi unatoka, mafuta yanakwisha upesi, injini inachemka, na mwisho wake kichwa cha silinda hupasuka au pistoni huyeyuka. Fedha iliyookolewa katika pampu yapotea mara nyingi katika injini.

Kumbukeni ya kuwa mafuta hayawaki peke yake. Lita moja ya dizeli huhitaji lita 10,000 hivi za hewa ya pwani ili iungue yote. Nchi yetu ya Dodoma i juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,100, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa sehemu kama moja katika kumi. Basi lita ile ile yataka lita 11,000 hivi. Kwa hiyo pampu iliyopimwa pwani hata ikawa sawasawa kabisa, yaweza kutoa moshi ikifika kwetu. Mafuta yaliyozidi hewa hayaleti nguvu. Huleta masizi na joto.

Habari ya mashine zisizopatana na mahali pake si ngeni katika nchi hii ya kati. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa. Matrekta mengi yalikuwa yamekwisha kutumika, yakanunuliwa katika mabaki ya vita na kuletwa toka mbali, hata Ufilipino. Ilipofika mwisho wa kiangazi cha mwaka ule ule, thuluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Mradi uliachwa mwaka 1951. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, ardhi ngumu na uhaba wa mvua zikiwamo. Lakini wingi wa mashine haukufaa kitu pale zilipokosa kuchunguzwa kwanza.

Basi mwenye kufunga pampu ya kigeni na afuate taratibu hii.

Kwanza, asome kibati kilicho ubavuni mwa pampu, alinganishe namba zake na za pampu ya kale. Aulize imetoka katika injini gani, nayo ilikuwa na turbo au haina.

Pili, asiilaumu pampu kabla ya kuchunguza mengine. Chujio la mafuta na la hewa yawe safi, hewa itolewe katika mirija ya mafuta, na nozeli zipimwe. Nozeli yenye kuchuruzika hutoa moshi mweusi hata pampu ikiwa njema.

Tatu, arekebishe wakati, ambao mafundi huuita taimingi. Pistoni ya kwanza iwekwe juu kabisa katika alama yake, na mwendo wa plunja upimwe kwa saa ya kupimia, ambayo huonyesha sehemu za mia za milimita. Kipimo kitoke katika kitabu cha injini hiyo. Mafuta yakitangulia mno, injini hugonga kama nyundo. Yakichelewa, moshi mweupe hutoka, na kuwaka asubuhi huwa shida.

Nne, baada ya hayo yote, ndipo aiguse skrubu ya mafuta. Aweke alama kwanza ili aweze kurudi alipotoka, na aizungushe kidogo sana, kama sehemu ya nane ya mzunguko. Kisha gari lijaribiwe likiwa na mzigo, mahali penye kilima. Moshi mweusi ukionekana, arudi nyuma. Injini ikikimbia mno hali haikukanyagwa, arudi nyuma vile vile.

Tano, skrubu ya gavana iliyotiwa lakiri asiiguse kabisa, maana injini yaweza kuzunguka mpaka ikajivunja.

Hatua hizi zisipotosha, pampu ipelekwe kwa fundi mwenye meza ya kupimia. Huko huzungushwa kwa mota, na mafuta ya kila tundu huanguka katika vibomba vya kioo, ili ionekane kama yote manne ni sawa. Yeye aweza kuitengeneza pampu ya turbo ifuate vipimo vya injini isiyo na turbo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya injini.

Nina maonyo mawili. La kwanza: asiweke mtu mkono wake mbele ya nozeli inayopuliza. Mafuta yale yana nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na tundu lake huwa dogo hata mtu akalidharau. Likimpata mtu, aende hospitali saa ile ile. Akingoja kesho yaweza kumgharimu mkono. La pili: dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huua pampu, maana pampu za namna hii hulainishwa na dizeli yenyewe. Kwa ajili ya udanganyifu huo EWURA ilianza mwaka 2010 kutia alama maalumu katika mafuta.

Ninyi wanafunzi mnaojifunza hesabu, jueni ya kuwa sehemu za milimita si maneno ya ubaoni tu. Zimo katika gari liwaletealo maji. Nanyi wenye magari, msimharakishe fundi apimaye. Wahenga wamesema, haraka haraka haina baraka. Pima kwanza, na skrubu iwe ya mwisho.