Mafunzo Yapimwe kwa Kazi, Si kwa Cheti

Hotuba ya ufunguzi wa mafunzo ya siku mbili ya Watendaji wa Vijiji kuhusu utunzaji wa kumbukumbu na taarifa za mapato na matumizi

Ndugu Watendaji wa Kata na Vijiji,
Ndugu Wawezeshaji,
Wageni Waalikwa,

Kabla hatujaanza, tukumbuke kwamba kila Mtendaji aliyemo humu ameacha ofisi nyuma yake. Leo hii yuko mwananchi aliyefuata barua ya utambulisho akakuta mlango umefungwa. Siku hizi mbili tumezikopa kwake, na hatuna budi kuzilipa.

Deni hilo halilipwi kwa cheti cha ushiriki. Posho ni stahili ya mtumishi aliye nje ya kituo chake, lakini si tunda la mafunzo. Tunda lake litaonekana katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na ambao hupaswa kufanyika kila baada ya miezi 3. Hapo Mtendaji atasoma taarifa, na mkulima aelewe fedha za kijiji chake zimetoka wapi na zimekwenda wapi.

Kwa sababu hiyo, nawaomba Wawezeshaji mambo matatu. Kwanza, waulizeni washiriki shida zao kabla ya kuanza kufundisha. Mtendaji mwenye miaka 10 kazini hahitaji kuelezwa maana ya stakabadhi. Pengine kinachomkwamisha ni kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Pili, tumieni vielelezo halisi. Washiriki wameagizwa kuja na daftari la fedha, vitabu vya stakabadhi na mihtasari ya vikao. Vyote viwekwe mezani. Tatu, oneshieni kazi kwa vitendo, kisha kila mshiriki aifanye mwenyewe, na makosa yasahihishwe papo hapo.

Nanyi washiriki, ulizeni. Kuuliza si ujinga. Aliyeizoea kazi aketi na aliyeajiriwa karibuni, wasaidiane.

Sisi viongozi nasi tuna wajibu. Mtumishi akirudi kituoni akaambiwa na msimamizi wake aendelee kama zamani, mafunzo yamekufa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo, kabla ya mikutano mikuu ijayo, Watendaji wa Kata watapita kila kijiji kuangalia taarifa iliyoandaliwa, si kwa kusaka makosa, bali kwa kumsaidia aliyekwama. Taarifa hiyo ibandikwe pia kwenye ubao wa matangazo, wananchi waisome.

Wao ndio watakaotutahini, na mtihani wao hauna majibu ya kunakili.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba mafunzo haya yamefunguliwa rasmi.