Tembo wa Mikumi na Ukoo Wao



Kazi ninayowasimulia jioni hii ilianzia hapa kwetu Kilosa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alikuja Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kuchunguza nyani. Alitaka kujua kwa nini majike wa kundi moja humwandama jike mwenzao mpaka uzazi wake unaharibika, na mwenendo huo una faida gani katika mageuko ya viumbe. Jibu lilihitaji kupima homoni. Lakini kumdunga nyani sindano ya usingizi kila mara ni kuyavuruga maisha yale yale unayotaka kuyaelewa. Akageukia kinyesi.

Msikunje nyuso. Njia hiyo baadaye ilitumika kwa tembo pia: donge bichi la kinyesi chao lina ute kwa nje, na ute huo umebeba seli zilizobanduka utumboni. Ukiukwangua unapata vinasaba, vinavyoonyesha ukoo wa mnyama. Ukichota cha ndani na kukichanganya vizuri, unapata homoni za uzazi na za msongo. Tembo mwenyewe hukumgusa.

Kwa njia hiyo Kathleen Gobush, Wasser na Profesa Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, jirani zetu wa Morogoro, walichunguza majike 218 wa makundi 109 hifadhini, kuanzia 2003 hadi 2005. Kabla ya biashara ya pembe za ndovu kupigwa marufuku mwaka 1989, ujangili ulikuwa umemaliza takriban robo tatu ya tembo wa Mikumi. Jangili hutafuta meno makubwa, kwa hiyo bibi wa ukoo huuawa mapema. Na kwa tembo, bibi ndiye nguzo: dume akipevuka huondoka, binti hubaki na mama yake. Majike walioachwa bila bibi wala ndugu wa karibu walikutwa na msongo mkubwa na uzazi hafifu, miaka zaidi ya kumi baada ya marufuku. Ndiyo maana siridhiki na sensa ya vichwa pekee. Tembo mia wenye bibi zao hawalingani na mia walio yatima.

Vinasaba vya kinyesi vilizaa pia ramani ya tembo wa Afrika, na jino lililokamatwa bandarini, likilinganishwa na ramani hiyo, likaweza kutaja kwao. Mwaka 2015 Wasser na wenzake walitangaza matokeo ya shehena 28: meno mengi ya tembo wa savana ya miaka ya karibuni yalitoka Selous, iliyopakana wakati huo na Mikumi yetu, na Niassa ya Msumbiji. Sensa ya serikali ilikuwa ikionyesha msiba huohuo: tembo 109,051 Tanzania nzima mwaka 2009, na 43,330 mwaka 2014.

Walimu wa baiolojia wa Kilosa, nawaomba: mkimaliza njegere za Mendel, wafundisheni watoto urithi kwa tembo wa Mikumi, kisha wapelekeni hifadhini wakawaone.