Kupitisha Treki katika Mabasi: Kuchanganya Kwaya na Gitaa kwa Kompyuta Dhaifu

Mada kwa mafundi wa sauti na walimu wa kwaya, Manguredjipa



Nimeombwa nizungumzie mabasi, yaani zile njia za pamoja ambazo treki kadhaa hupitia kabla ya kufika kwenye masta (njia ya mwisho ya sauti zote). Mafunzo mengi hutumia mfano wa bendi ya roki yenye mwimbaji mmoja. Sisi wa hapa na wenzetu wa Butembo tunarekodi kwaya ya sauti nne na gitaa tatu zinazojibizana, kwa kompyuta ya mkononi inayotegemea paneli na betri. Ndiyo maana nasema basi lipangwe kwa kuangalia nani anamsikiliza nani ndani ya wimbo, siyo kwa aina ya chombo.

Tuanze na gitaa, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Katika sebene, gitaa tatu, yaani akompanyema, misolo na solo, hufumana. Ukipandisha moja, nyingine zinapwaya. Zipeleke zote tatu kwenye basi moja, uweke kompresa nyepesi ya 2 kwa 1, ipunguze desibeli 2 tu hivi. Lakini gitaa ya besi isiingie humo, ingawa nayo ni gitaa. Nguvu yake ndiyo itakayoisukuma kompresa, na kila nota nzito itaizamisha misolo. Msikilizaji atasikia gitaa zinayumba asijue kwa nini. Besi ipewe njia yake.

Kwaya nayo, tuseme kila sauti imerekodiwa mara mbili: treki 8. Ukiweka mwangwi juu ya kila treki, kompyuta inaendesha mwangwi 8 na wimbo unaanza kukatika. Fungua basi moja la mwangwi, kila treki itume kiasi chake huko. Waimbaji watasikika wako kanisa moja, na betri itadumu. Hakikisha tu sauti inatumwa baada ya feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha treki). Ikitumwa kabla, utamshusha soprano halafu mwangwi wake ubaki ukielea bila mwenyewe.

Kosa la kawaida kwa mabasi kama lile la gitaa, siyo la mwangwi, ni treki kupita kwenye basi na huku bado inaenda moja kwa moja kwenye masta. Sauti ileile ikifika mara mbili inapanda desibeli 6, na kompresa ya basi inaonekana kama haifanyi kazi. Katika programu ya Reaper, zima alama ya kupeleka masta kwenye treki hiyo. Ili kompyuta isilemewe wakati wa kuchanganya, ongeza pia bafa hadi sampuli 1024. Ucheleweshaji wa milisekunde 23 hivi haumsumbui mtu ambaye harekodi.

Mabasi yanasaidia pia kazi inapokwenda kumaliziwa Butembo. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 22 za mono, biti 24, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, unakaribia megabaiti 700. Ukitoa faili za mabasi 5 ya stereo badala ya treki zote, yaani ngoma, besi, gitaa na kinanda, kwaya, na mwangwi, unabaki na kama megabaiti 320. Mwangwi utolewe peke yake, usichanganywe na kwaya, ili fundi wa kule aweze kuupunguza. Na faili zote zianze sekunde ya sifuri, hata kama kwaya inaingia dakika ya pili.