Mkimbizi akiugua, nani analipa?

Tutazame jambo moja: mkimbizi aliyeko Kenya akiugua, bili ni ya nani?

Kumbukeni kwamba tangu Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, imechukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya afya ya awali. Asiye na mshahara huchangia angalau shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Piga hesabu: 3,600. Kwa mama wa Kikongo anayeuza vitenge mtaani Kayole, Nairobi, hizo ni pesa nzito. Na kabla ya pesa kuna kitambulisho cha mkimbizi, ambacho wengi hukisubiri muda mrefu mno. Bila hicho, mfumo haumtambui.

Sasa, upande wa pili, wa wenyeji, una hoja, tena si ya chuki. Mturkana anayeishi jirani na kambi ya wakimbizi ya Kakuma naye hutembea mwendo mrefu kufika zahanati. Anauliza, mbona mgeni ahudumiwe kabla yangu?

Hata hivyo, mkimbizi aliyejiandikisha anachangia mfuko uleule wa SHA. Na kifua kikuu hakiulizi mtu karatasi. Asipotibiwa mmoja, ploti nzima iko hatarini. Ninavyoona mimi, kinachowazuia wakimbizi kuchangia ni hayo malipo ya mkupuo na hicho kitambulisho.

Misaada ya wafadhili nayo imepungua tangu 2025. Je, mkimbizi anayesubiri kitambulisho huku anaumwa, atagharamiwa na kaunti, na mashirika, au na sisi sote kupitia mfuko huu?