Jua Limesingiziwa: Baiskeli na Nafsi ya Mtu wa Mvita



Imekuwa ada, kila itajwapo katika majlisi za wapangaji wa mji habari ya watu kwenda kazini kwa baiskeli katika kisiwa hiki, kuinuka mtu akasema, kwa yakini ya kadhi asomaye hukumu, kwamba Mombasa ni joto, na maneno yamekwisha. Niwieni radhi nikiishughulikia kauli hii kupita inavyostahiki, kwani ndiyo iliyoufunga mlango wa uchunguzi. Kisiwa chenyewe ni kilomita za mraba 14 hivi, hakina mlima wa kutajwa, na kutoka Ngome ya Mji wa Kale hadi bandari ya Kilindini ni safari isiyofika nusu saa kwa mwendo wa taratibu. Ikiwa jua ndilo lizuialo, mbona mwenye mkokoteni wa maji husukuma adhuhuri katika mtaa wa Majengo? Mbona Pemba, kwenye joto na unyevu huohuo, baiskeli si ajabu, na Copenhagen watu hupanda hata theluji ikianguka? Mwanzoni mwa karne iliyopita palikuwapo hapa vigari vya reli vilivyosukumwa kwa mikono ya watu, vikiwachukua wakubwa kutoka Mji wa Kale kwenda Kilindini: jua lilikuwa lilelile, ila mwenye kutoka jasho hakuwa mwenye kuheshimiwa.

Basi ikiwa si jua, sababu yatafutwa kwingine. Habari ya mazoea, kwamba mtu hushika njia aliyoizoea pasi na kuifikiria tena, waliyoieleza Verplanken na wenziwe, naipita. Nitakalo ni kukaa kidogo na makala ya mwanasaikolojia Icek Ajzen ya mwaka 1991 juu ya nia na vitendo, ambayo kila niisomapo huniongezea faida. Yeye asema nia ya mtu hutokana na mambo matatu: namna akionavyo kitendo, adhaniavyo kwamba watu wanamtakia afanye, na kadiri aitakidivyo kwamba anakiweza; na hili la tatu laweza kukigusa kitendo chenyewe moja kwa moja. Tazameni ufasaha wake: khofu ya malori ya bandarini pale Makupa, ambayo siidharau hata chembe, yapata mahali pake katika hilo la tatu bila ya kumeza mengine yote.

Hata hivyo, mimi nasimama kwenye jambo la pili, lile la watu na wanavyomtakia mtu. Ami yangu, aliyekuwa karani, alikuwa na Raleigh nyeusi akiipangusa kila Ijumaa kabla ya sala, na kengele yake ikijulikana mtaa mzima wa Kibokoni. Siku aliponunua motakaa kuukuu, miguu yake haikuwa imedhoofu wala jua halikuwa limezidi. Baiskeli ndiyo iliyokuwa imeshuka daraja, imekuwa chombo cha muuza mikate. Kwa mwanamke mwenye buibui hesabu ni nzito zaidi, na yataka mhadhara wake.

Nitaambiwa kwamba Armitage na Conner, walipozikusanya tafiti nyingi mwaka 2001, waliona jambo hili la pili ndilo dhaifu kuliko yote katika kuitabiri nia. Ni kweli. Lakini hojaji za tafiti hizo aghalabu humwuliza mtu juu ya wale walio muhimu kwake, ilhali katika mtaa wa Ndia Kuu anayekuhukumu si lazima awe muhimu kwako. Yatosha awe amekaa barazani unapopita. Basi wanafunzi wangu watakaokwenda kuwauliza watu wa mji huu nitawataka waanze na swali moja: ni nani ambaye, lau angekuona juu ya baiskeli, ungeshuka?