Feni ya Kompyuta Ikichoka: Mazungumzo kwa Wenye Saiba na Wakazi wa Maua

Mada ya leo ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, lakini kikisimama kazi nzima husimama.

Chukueni mfano wa mama mwenye saiba ya kompyuta nne karibu na steji. Ni juma la mwisho la Juni, na tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za kodi kupitia iTax. Foleni imefika mlangoni. Saa nne asubuhi mashine moja inazimika yenyewe. Anaiwasha, inakubali, inafanya kazi dakika kumi, kisha inazimika tena. Mteja aliyekuwa karibu kumaliza anaanza upya, na anayemfuata anavuka barabara kwenda kwa jirani. Jioni anaitwa fundi, anaiangalia kwa dakika moja na kusema madabodi imekufa, inunuliwe kompyuta nyingine. Mama anaanza kupigia hesabu pesa za chama. Mashine ya namna hiyo ikifunguliwa, mara nyingi kinachopatikana ni feni ya prosesa iliyozibwa na vumbi jekundu, haizunguki hata ikisukumwa kwa kidole.

Prosesa inapofanya kazi hutoa joto. Joto hilo hupanda kwenye bati nene lenye mapezi lililokaa juu yake, na feni hupuliza hewa kati ya mapezi ili joto liondoke. Feni ikichoka, joto halina pa kwenda. Prosesa nyingi za siku hizi hupunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi kupanda, kompyuta hujizima ili isiungue. Kwa hiyo kuzimika huko ni ulinzi. Hatari ni kuiwasha tena na tena siku nzima bila kutafuta sababu, kwa maana kila inapokatika ghafla, faili iliyokuwa ikiandikwa inaweza kuharibika.

Maua ina mambo yake. Miezi ya kiangazi, Januari na Februari, na tena kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi la udongo mwekundu wa Nyambene hupanda kila gari la miraa linapopita, na milango ya saiba huwa wazi kuelekea barabarani. Kompyuta nyingi zimewekwa sakafuni, mahali ambapo vumbi hutua kwanza. Kuinua mashine juu ya meza au hata juu ya matofali mawili ni hatua ya bure inayosaidia sana. Kuondoa kifuniko cha ubavuni na kuelekeza feni ya mezani ndani, kama wengine wanavyofanya, ni kualika vumbi zaidi.

Feni haifi bila kuaga. Dalili ya kwanza ni sauti. Asubuhi ya baridi ya Julai kompyuta inawashwa na kulia kama kinu cha posho, halafu baada ya dakika chache inanyamaza. Wengi hufurahi kwamba imepona. Ukweli ni kwamba mafuta kidogo yaliyobaki kwenye ekseli yameganda kwa baridi na yamelainika yalipopata joto, na siku yatakapokwisha feni itakwama. Dalili nyingine ni mashine kuwa nzito bila sababu, na maandishi yanayotokea wakati wa kuwaka yakionya kwamba feni haionekani. Maandishi hayo yasipitwe kwa kubonyeza kitufe tu.

Kabla ya kununua chochote, safisha. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, ili umeme tuli wa mwilini usiharibu madabodi. Tumia brashi laini ya rangi ambayo ni mpya na kavu. Usipulize kwa mdomo, mate huingia. Wanaopeleka mashine kwenye pampu ya upepo ya petroli wajue kwamba upepo ule una nguvu mno na mara nyingi una majimaji. Hata ukitumia kipulizo cha kawaida, shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwa sababu feni ikizungushwa kwa kasi na upepo huzalisha umeme na kuurudisha kwenye madabodi.

Baada ya kusafisha, zungusha feni kwa kidole. Nzuri huzunguka kwa wepesi na kusimama polepole. Ikikwama, ikiyumba au ikikwaruza, imekwisha. Kuna ujanja wa kubandua kibandiko cha katikati na kutia tone la mafuta ya cherehani. Unaweza kuivusha saiba juma moja la shughuli nyingi, na hapo hauna ubaya. Usichukuliwe kuwa matengenezo, wala mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, hugeuka gundi.

Kununua feni ndiko wengi wanakokosea. Feni nyingi za kompyuta za mezani hutumia volti 12, na ukubwa hupimwa kwa milimita upande hadi upande: 80, 92, 120 au 140. Kichwa cha waya huwa na matundu matatu au manne. Yenye matatu huingia kwenye sehemu ya pini nne na kufanya kazi, ila kompyuta huenda isiweze kupunguza kasi yake. Shida ni kompyuta kuukuu za ofisini zinazotoka ng'ambo, zile zinazoitwa eksi-yuukei. Baadhi yake zina feni za umbo lao na vichwa vya waya vya mpangilio wao, na feni ya kawaida ikiunganishwa kwa kulazimisha inaweza kuunguza kitu. Dawa ni rahisi: ng'oa feni ya zamani, nenda nayo dukani, linganisha ukubwa, unene, matundu ya skrubu, kichwa cha waya na maandishi ya kibandiko. Kama duka lina aina mbili, ile yenye beringi za gololi hudumu zaidi kuliko ya bushi, na katika vumbi hili pesa za ziada si hasara. Feni moja, hata iliyo nzuri, ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompyuta.

Wakati wa kufunga, angalia hewa inaelekea wapi. Kwa kawaida hewa huingia upande ulio wazi na kutoka upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia injini. Feni ya nyuma ya kasha hutoa hewa nje, ya mbele huingiza. Zikigeuzwa zipingane, kompyuta itapata joto hata kama zote ni mpya.

Ikiwa feni ya prosesa inafunguka kwa skrubu peke yake, bati la chini liachwe lilivyo. Likilazimika kung'olewa, iache kompyuta iwake dakika chache kwanza ipate uvuguvugu, kisha izime na kuichomoa tena, na bati lizungushwe taratibu kulia na kushoto. Kwenye baadhi ya mashine za AMD, ukilivuta likiwa baridi linaweza kung'oka pamoja na prosesa na kupinda pini zake. Futa grisi kavu kwa spiriti na kitambaa, tia grisi mpya ya kompyuta ya ukubwa wa punje ya ndengu, rudisha bati na kukaza skrubu kwa zamu, kona kwa kona.

Feni moja isiguswe na asiye fundi wa umeme, nayo ni ile iliyo ndani ya kikasha cha umeme mahali waya wa ukutani unapochomekwa. Humo mna vihifadhi-umeme vinavyoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Feni hiyo ikifa, badilisha kikasha kizima. Na kikasha chenye swichi ndogo nyuma iliyoandikwa 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka, kwa kuwa umeme wa Kenya ni volti 240.

Feni iliyotolewa isitupwe kwenye shimo la taka wala waya zake zisichomwe ili kupata shaba, kwa sababu moshi wa plastiki hiyo ni sumu kwa anayechoma na kwa watoto wa jirani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka. Wenye saiba wanaweza kuweka katoni moja ya vifaa vilivyokufa, na ikijaa kushirikiana kuipeleka kwa mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA.

Kazi ikiisha, washa kompyuta kabla ya kurudisha kifuniko, uone kila feni ikizunguka na kwamba hakuna waya unaogusa mapanga. Funga, iache nusu saa ikiwa na kazi, kisha weka kiganja nyuma ya kasha. Hewa ya vuguvugu inapaswa kutoka mfululizo. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya feni mpya, ili fundi wa kesho ajue ilifungwa lini.